Usiku wa kwanza katika Minecraft: dakika kumi za mchezaji mpya, na swali kwa wazazi wa Mbau

MBAU, BENI – Mchezo unaanza bila maelezo. Mchezaji anajikuta amesimama kwenye nyasi, mikono mitupu, hana panga, hana chakula, hana nyumba. Jua linatembea angani. Baada ya dakika kama kumi litazama, na gizani watatoka viumbe wanaoua. Hakuna sauti inayomwambia aanzie wapi.

Ndivyo Minecraft inavyompokea kila mgeni, awe Stockholm ambako mchezo huo ulizaliwa, awe Nairobi, au awe Mbau, kwenye njia panda ya barabara ya Oicha na ile ya Kamango, karibu kilomita 20 kaskazini mwa mji wa Beni. Tofauti ni kwamba kijana wa Mbau hahitaji kufundishwa maana ya kuogopa usiku.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yamepita katika vijiji vingi vya eneo la Beni, mara nyingi usiku au alfajiri. Barabara ya Mbau–Kamango inajulikana hata Tanzania: tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki ilishambuliwa, na askari 15 wa Tanzania wakapoteza maisha. Tarehe 6 Mei 2021 serikali iliweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi, na mwisho wa Novemba mwaka huo jeshi la Uganda likavuka mpaka kushirikiana na FARDC katika operesheni Shujaa.

Mahali kama hapo, kumwambia kijana acheze mchezo wa kuokoka usiku kunaweza kusikika kama mzaha mbaya. Lakini mchezo huu una kitu ambacho usiku wa kweli hauna: kanuni. Anayezijua na kuzifuata anaona asubuhi. Makala haya yanaeleza kanuni hizo kwa anayeanza, gharama yake kwa mwenye simu ya kawaida, na mambo ambayo mzazi anapaswa kuyapima.

Mchezo gani huu?

Minecraft ilianzishwa na Markus Persson, mtengenezaji wa programu kutoka Sweden. Toleo la kwanza la majaribio lilitoka Mei 2009, na toleo kamili Novemba 2011. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft iliinunua kampuni yake, Mojang, kwa dola bilioni 2.5. Kufikia Oktoba 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa duniani.

Ulimwengu wake wote umepangwa kwa vipande vya mraba, mfano wa matofali: udongo, mawe, miti, mchanga, hata maji. Karibu kila tofali linaweza kuvunjwa, kubebwa na kuwekwa pengine. Vitu vikikutanishwa vinazaa vingine. Mbao na vijiti vinatoa shoka, mchanga ukipikwa kwenye tanuri unakuwa kioo, na ngano tatu zinatoa mkate.

Minecraft si peke yake. Kuna Terraria, Don't Starve, Valheim na mingine mingi ya ukoo huo. Yote inazunguka kazi zile zile: kusanya, tengeneza, jenga, kula, usife. Aliyejifunza mmoja hapotei sana katika mwingine.

Anayeanza anaulizwa kwanza achague namna ya kucheza. Simu iliyowekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi nchini Kongo, itamwonyesha neno Survie, yaani kuokoka: humo mchezaji anaona njaa, anaumia na anaweza kufa. Neno Créatif linafungua ulimwengu ambamo vifaa vyote viko tayari na hakuna kifo. Huko ni kujenga tu. Ndani ya Survie kuna pia ngazi za ugumu. Ya chini kabisa inaitwa Paisible: viumbe wabaya hawatoki na njaa haimsumbui mchezaji. Kwa saa ya kwanza, ngazi hiyo inafaa. Mtu anajifunza kutumia vidole vyake kwanza, halafu anapandisha ugumu akiwa tayari.

Simu, pesa na mega

Minecraft ya simu si ya bure. Kwenye duka la Google Play bei yake ni karibu dola 7 za Kimarekani, na inalipwa mara moja. Kwa kijana anayehesabu faranga za kununua mega, hiyo si pesa ndogo. Pia anahitaji njia ya malipo inayokubaliwa na duka hilo, jambo linalowakwaza wengi wasio na kadi ya benki.

Hapo ndipo mtego unapoanza. Nakala za „Minecraft ya bure” zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye kadi za kumbukumbu sokoni. Anayezipokea hajui nani amezifungua na ameongeza nini ndani. Programu ya namna hiyo inaweza kusoma ujumbe mfupi wa simu, na simu nyingi za Beni na Butembo ndizo pochi za familia: zina M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mchezo wa bure unaweza kugharimu akiba ya mwezi mzima.

Njia ya bure na halali ipo. Inaitwa Luanti. Ilianzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Finland kwa jina la Minetest, na ilibadilishwa jina Oktoba 2024. Ni programu huru. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake bila kuvunja sheria. Inapatikana Google Play na pia kwenye duka la programu huru la F-Droid. Tafsiri yake ya Kifaransa ipo, na ya Kiswahili pia imeanzwa, ingawa si maneno yote yaliyotafsiriwa.

Jambo moja huwachanganya wageni. Luanti yenyewe ni kama tanuri bila unga: ni mtambo unaoendesha michezo, si mchezo. Baada ya kuiweka kwenye simu, mchezaji anaingia sehemu ya maudhui ndani ya programu na kupakua mchezo anaoutaka. Anayetafuta kinachofanana na Minecraft achague VoxeLibre au Mineclonia. Kazi hiyo inahitaji intaneti mara moja tu. Baada ya hapo mchezo unachezwa bila mtandao, iwe antena ziko hewani au zimezimwa.

Marafiki wawili au watatu wakikaa chumba kimoja wanaweza kuingia katika ulimwengu mmoja: mmoja anafungua Wi-Fi ya simu yake na kuwa mwenyeji, wengine wanajiunga. Hakuna mega zinazoliwa. Kinacholiwa ni betri. Kwa wanaochaji kwa paneli ya jua au kulipia chaji kwenye kibanda, inafaa kupunguza mwanga wa kioo na kufupisha umbali ambao mchezo unaonyesha. Mipangilio yote miwili huongeza muda wa betri.

Mchana wa kwanza: mti, meza, sururu

Siku nzima ndani ya Minecraft ni dakika 20 za saa ya kweli, na karibu nusu yake ndiyo mchana. Mgeni anayezimaliza dakika hizo akitazama ng'ombe na maua atajuta. Kuna mpangilio wa kazi ambao wachezaji wa zamani huufuata karibu bila kufikiri.

Kazi ya kwanza ni mti. Mchezaji anausogelea na kuubonyeza kwa kidole bila kuachia, mpaka kipande cha gogo kivunjike. Ndiyo, kwa mkono mtupu. Fundi wa msumeno kutoka misitu ya Beni atacheka zaidi akiona kinachofuata. Shina likikatwa chini, sehemu ya juu haianguki, inabaki ikielea hewani. Usiiache hivyo. Kata mpaka juu, kusanya magogo kama kumi, na uokote miche inayodondoka kutoka kwenye majani ili uipande tena.

Kazi ya pili ni meza ya fundi. Gogo moja linatoa mbao nne. Mbao nne zinatoa meza, na meza hiyo ndiyo inayofungua mlango wa vifaa vingine vyote. Mbao mbili zinatoa vijiti vinne. Mbao tatu na vijiti viwili vinatoa sururu.

Watu wengi hutengeneza upanga kwanza, kwa sababu ya hofu. Ni kosa. Upanga unaua adui mmoja mmoja, lakini sururu inaleta mawe, na mawe yanaleta kila kitu. Sururu ya mbao ni ya kazi moja: kuvunja mawe matatu ya kutengenezea sururu ya mawe, iliyo imara na ya haraka zaidi. Baada ya hapo ya mbao inaweza kutupwa motoni. Kwa mawe hayo hayo tengeneza shoka, halafu upanga.

Kazi ya tatu ni tanuri, mawe manane yaliyopangwa kuzunguka nafasi tupu ya katikati. Kazi ya nne ni mwanga. Mchezaji akiona mawe yenye madoa meusi, hayo ni makaa ya mawe. Kipande kimoja cha makaa na kijiti kimoja vinatoa mienge minne. Asipoyaona, asihangaike: magogo yakichomwa kwenye tanuri yanatoa makaa ya kawaida, yale ambayo kila jiko la Butembo linayajua, na yanafanya kazi ile ile.

Kazi ya tano ni kitanda. Inahitaji sufu tatu za rangi moja na mbao tatu. Kondoo watatu wanatosha. Anayelala kitandani anaruka usiku wote kwa sekunde chache, na akifa baadaye ataamka karibu na kitanda hicho. Kwa hiyo kitanda kina thamani kuliko upanga wowote wa siku ya kwanza.

Jua likizama

Anga ikianza kuwa nyekundu, mchezaji aache kila kitu na atafute pa kujificha. Hana haja ya nyumba nzuri. Njia ya haraka ni kuchimba ubavuni mwa kilima, chumba cha hatua tatu kwa tatu, kisha kuziba mlango kwa udongo au mawe na kuweka mwenge ndani. Mwenye mbao sita anaweza kutengeneza milango, lakini tofali la udongo linafunga vizuri zaidi, kwa sababu katika ngazi ngumu kabisa zombi wanaweza kuvunja mlango wa mbao.

Kanuni ya giza ni hii: viumbe wabaya huzaliwa mahali penye giza. Tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021, katika ulimwengu wa kawaida wa mchezo, wengi wao hutokea tu pale ambapo hakuna mwanga hata kidogo. Maana yake mwenge mmoja unalinda eneo pana kuliko mgeni anavyodhani. Ndani ya chumba, ndani ya pango, kuzunguka nyumba: kila palipo na mwanga, adui hazaliwi hapo. Anaweza kutembea akaja kutoka gizani, lakini hataota katikati ya sebule.

Maadui wanne ndio wa kuwajua mapema. Zombi hutembea polepole na hushambulia kwa mikono. Kiunzi cha mifupa hupiga mishale kutoka mbali, na dawa yake ni kujikinga nyuma ya mti au ukuta. Buibui hupanda kuta, kwa hiyo ukuta usio na paa si kinga. Wa nne ni Creeper, wa kijani, asiye na mikono. Huyo anakuja kimya, anatoa sauti kama ya utambi unaowaka, kisha analipuka pamoja na ukuta wa nyumba. Akisikika, mchezaji akimbie hatua kadhaa nyuma. Akitengwa naye, mlipuko unakatika.

Asubuhi zombi na viunzi vya mifupa huungua kwa jua. Creeper haungui. Anaweza kubaki nje ya mlango mpaka mchana, na wageni wengi wamekufa dakika ya kwanza ya siku ya pili kwa sababu walifungua mlango wakishangilia. Acha kitundu cha kuchungulia kabla ya kutoka.

Makosa yanayowaangusha wageni

Kosa la kwanza ni kuchimba moja kwa moja chini ya miguu. Chini kunaweza kuwa na pango au ziwa la lava, na anayeanguka humo hapotezi uhai tu, bali hata mzigo wake wote unaungua. Chimba kwa ngazi, hatua moja mbele na moja chini.

Kosa la pili ni kutembea na mali yote mwilini. Mchezaji akifa, kila alichobeba kinamwagika pale alipofia, na baada ya dakika tano kinatoweka. Mbao nane zinatoa sanduku. Kabla ya kuingia pangoni, acha nyumbani chochote usichokihitaji.

Kosa la tatu ni kusahau njaa. Chini ya kioo kuna alama kumi za chakula. Zikijaa, majeraha yanapona yenyewe. Zikiisha, mwili unaanza kudhoofika. Kukimbia na kuruka ovyo kunazila haraka. Nyama iliyopikwa kwenye tanuri inashibisha kuliko mbichi, na kipande kimoja cha makaa kinapika vipande vinane.

Kosa la nne ni kupotea. Ulimwengu huo ni mkubwa na miti inafanana. Katika mipangilio ya toleo la simu kuna kitufe cha kuonyesha namba za mahali ulipo. Kiwashe siku ya kwanza, andika namba za kitanda chako kwenye karatasi, na hutalala porini tena. Namba hizo zitasaidia pia baadaye, wakati wa kutafuta almasi: zinapatikana kwa wingi karibu na kina cha 59 chini ya sifuri, na zinavunjwa tu kwa sururu ya chuma au iliyo bora kuliko hiyo.

Shamba, na kakao isiyo ya Beni

Kuanzia siku ya pili, anayewinda tu atachoka. Anayelima atakaa. Nyasi zikivunjwa hutoa mbegu za ngano. Jembe linatengenezwa kwa mbao au mawe mawili na vijiti viwili. Udongo uliolimwa ndani ya hatua nne kutoka kwenye maji hubaki na unyevu, na mimea inakua haraka. Ngano tatu ni mkate. Ngano mkononi huwavuta pia ng'ombe na kondoo, na wawili wakilishwa pamoja huzaa.

Msomaji wa Mbau atashtuka kidogo akifika kwenye msitu wa mvua ndani ya mchezo, kwa sababu atakuta kakao. Inaota ubavuni mwa shina, kijani kwanza, kisha ya rangi ya machungwa na kahawia ikikomaa. Inavunjwa kwa pigo moja, inapandwa tena kwenye shina lile lile, na baada ya muda mfupi imeiva. Punje moja na ngano mbili zinatoa biskuti nane.

Kakao ya Beni haina haraka hiyo. Ilienea katika eneo hili hasa baada ya kahawa ya robusta kushambuliwa na ugonjwa wa mnyauko. Mti wake unasubiriwa miaka mitatu hadi mitano kabla ya mavuno ya kwanza. Punje zinachachushwa siku kadhaa, zinaanikwa, zinapimwa unyevu, ndipo zinauzwa. Kisha kuna jambo ambalo hakuna mchezo unaoliweka kwenye hesabu zake: mkulima anayejua kakao yake imeiva, lakini haendi kuichuma kwa sababu njia ya shambani haina usalama. Wakulima wengi wa eneo hili wameuawa au kutekwa wakiwa mashambani, na mavuno ya wengine yamechumwa na watu wasioyapanda.

Je, mtoto wa hapa acheze?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halifanani kwa kila nyumba.

Upo utafiti unaotajwa mara kwa mara kuhusu michezo ya video na kumbukumbu mbaya. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba watu waliocheza Tetris muda mfupi baada ya kutazama filamu ya matukio ya kutisha walirudiwa na picha za matukio hayo mara chache kuliko wasiocheza. Baadaye watafiti hao walijaribu njia hiyo kwa watu 71 waliofikishwa hospitalini Oxford baada ya ajali za barabarani, na wakaona mwelekeo ule ule katika wiki ya kwanza. Lakini huo ulikuwa mchezo wa kupanga maumbo, si wa kukimbizwa gizani, na ulitumika chini ya usimamizi wa wataalamu. Hauwezi kuchukuliwa kuwa ruhusa ya kumpa mtoto aliyeshuhudia mauaji mchezo wowote na kumwacha peke yake.

Kwa mtoto wa aina hiyo, mzazi aanze na Créatif au Paisible, ambamo hakuna anayemwinda. Akae naye saa ya kwanza. Aangalie kama mtoto anacheka au ananyamaza, kama analala vizuri siku ile au anashtuka. Sauti ya mchezo inaweza kuzimwa: mlipuko wa Creeper kwa mtu mwingine ni kichekesho, kwa mtoto aliyekimbia Mamove au Eringeti unaweza kuwa kitu kingine. Mtoto akionyesha dalili za kuteseka, simu si dawa. Aonwe na mhudumu wa afya au mshauri wa kisaikolojia.

Kwa upande mwingine, kijana aliye tayari anapata katika mchezo huu kitu ambacho mazingira yake yamemnyima: usiku ambao unatii kazi ya mikono yake. Aliyekusanya kuni mapema, akawasha mwanga na kufunga ukuta, halali na wasiwasi. Akikosea, anafufuka kitandani na kujaribu tena. Mzazi amweleze wazi kwamba hapo ndipo mfanano unapokoma. Nje ya simu, kuwapo kwa mtu aliyeuawa kijijini hakumaanishi kwamba alisahau kuwasha mwenge.

Kuna pia hatari ndogo zinazopatikana kila mahali. Katika ulimwengu wa mtandaoni mtoto anaweza kuandikiana na watu asiowajua. Ulimwengu wa Wi-Fi ya nyumbani unaepusha hilo. Na muda unapotea. Siku ya mchezo ni dakika 20, kwa hiyo siku tatu ni saa moja. Hicho ni kipimo rahisi kukubaliana nacho: siku tatu, kisha simu inarudi mezani.

Kutoka Kibera hadi Kalobeyei

Si kila anayeanza Minecraft katika Afrika Mashariki anaanza kwa burudani. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, liliingia ubia na Mojang katika mradi ulioitwa Block by Block. Lengo lililotangazwa lilikuwa kusaidia kurekebisha maeneo ya wazi 300 duniani, na Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza.

Utaratibu wake ni mwepisi kueleza. Wataalamu wanajenga ndani ya mchezo sura ya mtaa ulivyo: barabara, nyumba, mtaro, uwanja. Wakaaji, wengi wao wakiwa hawajawahi kugusa kompyuta, wanafundishwa kutembea na kuweka matofali. Kisha wanagawanyika vikundi na kuonyesha wanachotaka kibadilike: taa hapa, kivuko pale, choo, viti, miti ya kivuli. Kinachojengwa kwenye kioo kinajadiliwa na wasanifu na viongozi wa mji. Kazi ya namna hiyo imefanyika pia Kalobeyei, makazi ya wakimbizi na wenyeji katika Kaunti ya Turkana, jirani na Kakuma ambako wapo Wakongo wengi.

Waliosimamia miradi hiyo waligundua jambo ambalo mwalimu wa Mbau au Oicha anaweza kulitumia bila kusubiri mradi. Mtu anayeona haya kusimama mkutanoni mbele ya wazee, hasa kijana au msichana, husema mengi akipewa kitu cha kuonyesha kwa mikono. Ramani ya mhandisi inamtisha. Tofali la mraba halimtishi.

Darasa lenye simu tatu na Luanti linaweza kuijenga njia panda ya Mbau kama ilivyo leo: soko, shule, kituo cha afya, barabara mbili. Halafu wanafunzi waulizwe swali moja, kila kikundi kijibu kwa kujenga: taa kumi za sola zikipatikana kesho, ziwekwe wapi? Baadhi wataziweka sokoni, wengine kwenye njia ya kisima, wengine mbele ya kituo cha afya. Mabishano yatakayofuata ndiyo kazi yenyewe, na kiongozi wa mtaa akialikwa ayasikie, atatoka na orodha iliyotengenezwa na watu wanaozipita njia hizo kila siku jua likizama.